Mrumi Mwenye Saa

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tabora, na mdomo wangu hauna breki. Wiki iliyopita, kwenye tamthilia ya Roma ya kale, nilimwona askari amevaa saa ya mkononi. Nikamcheka darasani, ofisini, hadi msibani!

Jana tukaigiza msafara wa wapagazi mbele ya wazazi. Wanafunzi niliwavua ndala: "Enzi zile hazikuwepo!" Mkuu wa msafara nilikuwa mimi. Nikachelewa kutoka Ntalikwa, nikashuka kwenye bodaboda na kanzu yangu, mbio hadi jukwaani.

"Tumetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo!" nikanguruma.

Ukumbi ukalipuka vicheko na vigelegele. Nikazidi kutamba, mpaka dereva wa boda akapanda jukwaani.

"Samahani, mwalimu. Naomba helmeti yangu, abiria ananisubiri."