Folda Niliyoiita Virusi

Darasani mimi ndiye ninayeigiza sauti za walimu, kwa hiyo adhabu nazijua kuliko mada. Lakini hii hakuna mwalimu aliyenipa.

Likizo moja tulitoka Kihesa kwenda Uyole kwa bibi, mama yake mama. Nikamrekodi kwenye laptop ya nyumbani: hadithi, nyimbo za Kinyakyusa za kubembelezea watoto, na namna anavyomsema jirani kwa sababu ya mbuzi. Mama akaagiza niweke sehemu mbili, maana mashine haina undugu na mtu. Nikatii, mara ya kwanza maishani: kwenye laptop na kwenye flashi. Ila mdogo wangu alikuwa na ugonjwa wa kufuta vitu apate nafasi ya magemu. Basi kotekote folda nikaiita VIRUSI USIGUSE. Hakugusa. Nikajiona profesa. Mama sikumwambia.

Bibi alifariki kabla mahindi hayajavunwa. Tuliporudi kutoka msibani laptop ikawa nzito, inajizimia yenyewe. Mama akaipeleka kwa fundi Mlandege pamoja na flashi, mafaili yahamishiwe huko kabla ya kupiga window upya, maana hapo kila kilichomo hufutika. Mimi nilikuwa shule.

Fundi yule ni mwaminifu, na hilo ndilo linaloniuma. Jioni nilipokwenda na mama kuichukua, alikuwa anatabasamu.

"Mama, virusi vilikuwepo humu, na kwenye flashi pia. Nimekufutia vyote."

Mama akashukuru. Mimi nikamwomba fundi ajaribu kurudisha, akahangaika weee, zikarudi picha za harusi ya watu tusiowajua, wenye laptop kabla yetu.

Nyumbani nikasema ukweli. Nilitegemea kofi, nililitamani kabisa. Mama akakaa kwenye kochi, akaniuliza kama bado naweza kumwigiza bibi, ule mchezo uliofanya bibi mwenyewe anirushie kandambili huku anacheka.

"Fanya kidogo tu," akasema.

Nikakohoa kama bibi. Nikaita jina la mama la utotoni vile alivyokuwa akiliita, analivuta mwishoni. Mdogo wangu akaweka simu chini. Hakuna aliyecheka.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Abee, mama," akaitika.

Nikanyamaza, maana sikujua bibi angemtuma nini.