Mguu wa Baba, Bunduki ya Mwenyewe

Harufu ya mafuta ya bunduki haifanani na ya mafuta mengine. Si ya taa, si ya gereji, wala si ya haya ninayoitilia cherehani yangu. Ina ukali fulani unaong'ang'ania kwenye nguo hata uifue kwa sabuni ya mche mpaka vidole vichubuke. Baba yangu aliileta nyumbani Shauri Moyo kila alipotoka safari za kaskazini, imechanganyika na moshi wa kuni za mgunga na chumvi ya kukaushia ngozi. Tuliishi katika chumba kimoja cha nyumba za halmashauri, bomba la maji likiwa la ploti nzima, na kabla baba hajabisha hodi, majirani waliokuwa wakichota maji walikwisha kumnusa wakajua Mutua amerudi. Watu wengi hukumbuka harufu za utotoni wakatabasamu. Mimi nikiikumbuka hii hasira hunipanda hadi kooni, na sioni kwa nini nijizuie.

Baba alikuwa mbeba bunduki. Siku hizo serikali ilikuwa haijapiga marufuku uwindaji, na mwenye uwezo alikata leseni akaenda zake kuua ndovu na nyati kule mbele ya Isiolo, ambako ukisimama unaona nchi mpaka macho yachoke na husikii sauti ya mtu. Tajiri wake alikuwa mzungu ambaye wafanyakazi walimpa jina Bwana Kofia, kwa kuwa hakuwahi kuvua kofia yake ya ngozi hata mezani. Bwana Kofia alikuwa na bunduki nyingi, lakini kipenzi chake kilikuwa ile nzito yenye mitutu miwili, aliyoirithi kwa baba yake, ya kumwangusha mnyama mkubwa akija kwa hasira. Hiyo hakuibeba mwenyewe. Aliibeba baba. Baba ndiye aliyeisafisha jioni kabla hajanawa uso, ndiye aliyeifunika blanketi mvua ikinyesha huku yeye akilowa, na akilala aliilaza kando yake kama mtoto mchanga.

Na aliipenda, jamani, hilo silifichi. Tukila ugali na maharagwe alitusimulia jinsi kitako chake kilivyong'aa, na jinsi mlio wake ulivyokwenda kugonga mlima ukarudi. Mama alikuwa akiita bunduki hiyo mke mwenza. Baba akiingia tu, hata kabla hajavua viatu, mama angemuuliza, "Mke mwenzangu hajambo? Umemlisha? Amekunywa mafuta yake?" Baba alicheka, nasi watoto tukacheka. Mama Halima wa mlango wa pili, ambaye kwao ni huko huko Isiolo na aliyetuuzia mahamri asubuhi, alikuwa hacheki. Alisema, "Mutua, hiyo nchi unayokwenda na bunduki ya watu ni kwetu. Nyati wa kule hamjui tajiri ni nani." Tulidhani ana wivu.

Kazi ya mbeba bunduki ilikuwa na desturi yake, na baba alitufundisha kama mchezo. Mwindaji hutangulia. Mbebaji humfuata nyuma ya bega la kulia, bunduki imeshatiwa risasi. Mwindaji akiitaka hageuki wala hasemi neno. Hunyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na mbebaji huweka kitako humo mara moja, upande unaotakiwa, bila kelele. Jioni, nyuma ya nyumba zetu, baba alitangulia akinyata kati ya kamba za nguo, nami nikamfuata na mwiko wa ugali. Mkono wake ukitoka nyuma, niliweka mpini kiganjani. Ndugu zangu walichelewa au walimgonga vidole, lakini mimi sikukosea, na baba aliwaambia majirani wote kwamba Kalondu angekuwa mbebaji hodari kama si msichana. Nilivimba kichwa wiki nzima. Sikujua ninafundishwa nini.

Maana mchezo ule ulikuwa na sheria moja, na baba aliirudia kila mara: mbeba bunduki hapigi. Hata akimwona mnyama kwanza, hata mnyama akija kwake. Leseni ina jina la mwenyewe. Mtu amesafiri, amegharamika, anataka kusema nyati huyu nilimwua mimi, ukimpigia umemwibia. Baba alimjua mbebaji mmoja aliyempiga simba aliyekuwa ameshamrukia tajiri wake. Simba alikufa, tajiri akapona, na mbebaji akafukuzwa siku ileile kwa kuharibu ngozi. Baba alisimulia habari hiyo kama onyo, si kama dhuluma. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike, na sikumbuki kusikia hata siku moja mtu akiuliza punda alisemaje.

Ilikuwa likizo ya Agosti, ile baridi ya Nairobi yenye manyunyu yasiyokwisha, nguo hazikauki na moshi wa makaa haupandi. Baba alikuwa ameondoka shule zilipofungwa. Siku moja, mchana, niliona lori likisimama barabarani na Nzioka akishuka peke yake. Nzioka alikuwa mchunaji wa ngozi katika safari hizohizo, mtu wa kijiji kimoja na baba, mcheshi ambaye hakuingia kwetu bila kunivuta sikio. Siku hiyo hakunivuta sikio. Alimwomba mama maji, akanywa, akasema Mutua yuko hospitali, yu hai, lakini nyati amemvunja mguu wa kulia na madaktari wanajaribu kuuokoa.

Mama alitaka kujua ilivyokuwa, na Nzioka alieleza huku anatazama kikombe. Bwana Kofia alimpiga nyati kwa bunduki nyepesi, akamjeruhi tu. Wakamfuata kwenye kichaka. Nyati aliyejeruhiwa huzunguka akangoja njiani, kila mtu wa kule anajua, na huyu aliwatokea ubavuni, karibu kabisa. Bwana Kofia alitupa ile nyepesi akakwea mti. Baba alibaki chini na ile nzito mikononi, imejaa risasi, mitutu yote miwili. "Alisimama hivi," Nzioka akasema, akainuka, akanyoosha mikono mbele, kama mtu anayempa mgeni kiti. Kitako mbele, mitutu inamwelekea yeye mwenyewe. Alikuwa anangoja kiganja. Alimwangalia Bwana Kofia juu ya mti, bunduki ameinyoosha, anangoja ipokelewe, na nyati alipomfikia alikuwa bado ameinyoosha. Nzioka na watu wengine wa safari, waliokuwa nyuma, walikuja na kelele na mikuki ndipo nyati akamwacha, na Bwana Kofia akashuka, akaiokota bunduki yake kipenzi, akammaliza mnyama.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Tulipoenda kumwona, mama hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama palipokuwa na mguu, akamuuliza, "Ulikuwa unangoja nini, Mutua?" Baba aligeuza uso ukutani. Mama akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na nadhani swali lile liliingia kati yao wawili likakaa humo miaka yote ya ndoa yao. Mama alikufa bila kujibiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Bwana Kofia alikuja Shauri Moyo mara moja tu. Alikuja na gari lake lililojaa vumbi la huko, watoto wa mtaa wakalizunguka, akainama kuingia mlangoni kwetu, kofia kichwani. Baba alikuwa kitandani. Bwana Kofia alimwambia kwamba bunduki haikupata hata mkwaruzo. Hilo ndilo lililomtoka kwanza. Halafu akasema baba ni mwaminifu, hajapata kuona mtu mwaminifu kama yeye, na akatoka kwenda garini akarudi na zawadi: pembe za yule nyati, zimepigwa rangi ya kung'aa na kubandikwa kwenye ubao. Nawaapia. Alimletea mtu asiye na mguu pembe za aliyemvunja. Na pembe zenyewe zilikuwa kubwa kuliko ukuta wetu. Zilikaa juu ya kitanda toka upande hadi upande, na usiku zilitutisha. Mama alingoja gari liondoke, akaanika juu yake sare zetu za shule mbichi, soksi huku na sketi kule. Tangu siku hiyo zilikuwa kamba ya nguo. Mama Halima alipoziona ndipo kwa mara ya kwanza alicheka humo ndani, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia.

Baba alijifunza kushona viatu akiwa ameketi mlangoni kwetu, karibu na soko la Gikomba, na kazi hiyo ndiyo iliyotulea. Baadaye uwindaji ukapigwa marufuku, Bwana Kofia akaenda kwao na bunduki yake. Baba hakuwahi kumsema vibaya, na hilo lilinichoma kuliko pembe. Nikiwa msichana mkubwa nilimsikia akiwasimulia wateja jinsi bunduki ilivyong'aa, gongo la kutembelea likiwa limeegemea bega lake, nikatoka nje nisije nikasema neno.

Ningedhani mambo hayo yamepita na wenyewe. Leo nakaa Donholm, baba yu nami, mzee sana, na Barabara ya Outer Ring inanguruma dirishani mchana kutwa. Watu wanajenga ghorofa, watoto wana simu. Lakini mwanangu Musyoka anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na majuzi vijana walimsimamisha wakitaka kuichukua. Aliing'ang'ania mpaka wakampasua paji la uso. Nilimshona maneno kabla daktari hajamshona uzi. "Mathe," akaniambia, damu inamtiririka, "nduthi si yangu. Mwenyewe ningemwambia nini?" Tajiri wake alimpigia simu jioni kumsifu kwa uaminifu, akauliza kama taa ya mbele imevunjika. Baba alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza yote. Siku ile hakula.

Wiki chache baadaye akaja mgeni, kijana wa kizungu mwenye adabu, Kiswahili chake safi kuliko cha watoto wangu. Alikuwa mjukuu wa Bwana Kofia. Alimtafuta Mutua mbeba bunduki mtaa kwa mtaa mpaka akafikishwa kwangu. Ile bunduki sasa ni yake, alisema, imetundikwa sebuleni kwao, na anakusanya habari zake zote kabla waliozijua hawajaondoka. Alimwamkia baba shikamoo, akakaa chini yake kwenye kigoda, akaonyesha picha kwenye simu. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi, nikamwona baba akiishika ile simu kwa mikono miwili. Nilijua atalainika. Aliulizwa uzito, akasema. Aliulizwa mlio, akasema. Macho yake yalirudi ujana.

"Na siku ile ya nyati, mzee," kijana akauliza kwa upole, "ilikuwa mkononi mwako. Kwa nini hukupiga?"

"Haikuwa yangu," baba akasema.

Kijana akatikisa kichwa taratibu, kama watu wanavyofanya kanisani. "Uaminifu wa namna hiyo haupo tena siku hizi," akasema.

Nikaweka birika chini. Nilikuwa nimefungua kinywa, kwa niaba ya mama, ya Musyoka, na ya kila mtu aliyewahi kusifiwa kwa kuumizwa akilinda cha mwingine. Lakini baba aliniinulia kidole, kama alivyofanya zamani kati ya kamba za nguo, kwamba ninyamaze, mnyama yuko karibu. Akamrudishia kijana simu yake. Akaweka mkono juu ya paja, pale mguu unapokomea.

"Bunduki ilikuwa ya babu yako," akasema. "Nyati alikuwa wa babu yako, leseni ilikuwa na jina lake. Sasa niambie, mjukuu wangu, nimekaa nikiuliza miaka hii yote. Mguu ulikuwa wa nani?"

Halafu akanyoosha mkono mbele yake, kiganja wazi, hivyo hivyo Bwana Kofia alivyokuwa akinyoosha, akangoja. Kijana alikitazama kiganja, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Hakuwa na cha kuweka humo. Baba hakuushusha mkono.