Tela Langu Nyuma ya Gari la Mdogo Wangu

Mdogo wangu nilimbeba mgongoni. Nasema hivyo kwanza ili ijulikane nani alianza kutembea. Shule mimi niliishia darasa la pili, yeye la nne, tofauti si kubwa. Mali yangu nimeipata kwa kuvuta mizigo kwa pikapu na tela: mbao, mashine za kahawa, mabati ya makanisa. Kuanzia Mbinga mpaka ziwani, mwenye kitu kizito alikuwa anakuja kwangu. Halafu mdogo wangu, aliyekuwa anauza mbao Dar es Salaam, akarudi nyumbani na gari lenye nyumba ndani yake.

Ni refu kama basi dogo, linakunywa petroli, na ndani lina kitanda, jiko la gesi, bomba la maji na choo. Mtu anasafiri na choo chake. Jumapili watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kulitazama, na mke wangu akawa wa kwanza kujilaza kwenye kile kitanda. Aliporudi akaniambia godoro lake ni laini. Nikamwambia godoro letu nilinunua mimi. Akalibonyeza kwa kidole, na kile kidole kiliniudhi kuliko godoro lenyewe.

Binti yangu ameolewa Lundo, kule ziwani, yeye na mumewe wanaishi kwa kuvua na kuanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Walikuwa wamechongewa mtumbwi mkubwa huku juu, Maguu. Siku moja akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtumbwi tayari?"

"Tayari. Nimekuja kuomba tela."

"Tela na pikapu."

Akatazama miguu yake. "Tela tu, baba. Baba mdogo atavuta na gari lake. Na mama atapanda na sisi, anasema hajawahi kusafiri amelala."

Tela lile nililichomelea mwenyewe. Sasa lilikuwa linatakiwa bila mimi. Nikampa, nikasema nitafuata nyuma kwa pikapu yangu kulilinda tela. Ukweli nilitaka kumwona mdogo wangu akishindwa.

Kwetu mtumbwi ukichongwa milimani huachwa mnene usipasuke njiani, na zamani watu waliukokota kwa kamba mpaka ziwani. Ncha inatangulia, upande wa shina, ule mzito, unakuja nyuma, na huko nyuma wanakaa wanaume wenye nguvu kuushikilia kwenye mteremko. Basi Maguu walipoupakia wakafanya vilevile: ncha upande wa gari, shina mwisho wa tela.

"Geuzeni," nikasema. "Shina lije mbele."

"Shina huwa linakaa nyuma, mzee, tangu enzi za babu," akasema fundi aliyeuchonga.

"Enzi za babu nyuma kulikuwa na watu wa kulishika. Nyuma ya tela atashika nani?"

Mdogo wangu akacheka. "Kaka, sema tu una wivu. Ukitaka kulala kwenye gari nitakupa shuka."

Wote wakacheka, mke wangu naye. Nikapanda pikapu yangu. Nilikuwa na wivu kweli, na mtu akishakutajia wivu wako mbele ya watu, hata ukisema jua linawaka wanakutafutia sababu.

Tukaondoka. Palipokuwa na kona aliendesha taratibu na tela likatulia. Tulipofika lami iliyonyooka akakanyaga mafuta, tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kushoto. Gari lile lina kiuno kirefu nyuma ya magurudumu, kwa hiyo kila tela lilipotikisika na nyumba ilitikisika. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unainua mkono wa tela uliofungwa kwenye gari, mkono unainua matako ya gari, na magurudumu ya nyuma hayashiki tena barabara vizuri. Tela langu halina breki zake. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kushuka ziwani, zile kona ambako unaliona ziwa chini ya miguu yako.

Nitasema ilivyokuwa. Kwa muda mfupi nilifurahi. Halafu nikakumbuka nani amelala kwenye lile godoro.

Nikapiga honi, nikawapita, na kwenye kijiji cha mwisho kabla ya mteremko nikaiweka pikapu katikati ya barabara. Mdogo wangu akashuka amefura.

"Kaka, utatuua."

"Wewe ndiye unataka kuwaua. Mwulize shemeji yako huko ndani kukoje."

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika kichwa. "Vikombe vyote vimeanguka," akasema. "Nilidhani ndivyo gari hili linavyotembea."

Mdogo wangu akaanza kusema mtumbwi umefungwa vizuri, kamba mpya. Binti yangu akamkatiza. "Baba mdogo, mtumbwi ni wangu. Baba, tufanye nini?"

Tukaita wanaume wa kijiji, tukaugeuza. Shina likaja mbele ya ekseli, lakini si mbele kabisa, maana ukilisukuma sana matako ya gari yanalala, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Nikamwambia mdogo wangu amwage tangi la maji lililokuwa nyuma ya gari. Nikakaza minyororo, nikatazama pini.

"Nipe ufunguo," nikasema.

"Gari ni langu, kaka."

"Baba, kaa mbele na baba mdogo," binti yangu akasema. "Umwambie."

Pikapu nikaisogeza kando ya barabara, nikaiacha pale. Nikakaa kwenye kiti cha mbele, laini hata hicho, nikamwambia aingize gia namba mbili kabla hatujaanza kushuka. Akauliza mbona mapema. Nikamwambia mzigo ukishaanza kulisukuma gari gia ya chini haiingii tena, na breki ukizikalia mteremko mzima zinaungua. Ukanyage, uachie, ukanyage. Injini ikalia mpaka chini. Kona zote akazipiga vizuri. Hilo nalo liliniuma. Nilitaka akosee kidogo, mahali pasipo na hatari.

Lundo watu walilizunguka gari. Walimpa mdogo wangu mkono, wakamwambia amefanya kazi kubwa, naye akasema asante, asante, kama vile mimi ni mzigo mwingine uliotoka milimani. Mtumbwi ukashushwa mzima. Mke wangu akabaki kwenye nyumba ya magurudumu, mimi nikalala kwenye mkeka kwa mkwe wangu, na shuka ya mdogo wangu sikuichukua.

Juzi binti yangu alipiga simu. Wanataka mtumbwi wa pili. "Baba mdogo atavuta," akasema, "lakini mama anasema hapandi kama wewe hujakaa mbele."

Nimeshalipaka tela grisi. Gari bado ni lake.