Waya Niliyomupa Jirani

Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa makamyo, yale magari makubwa ya mizigo. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primeri. Mengine nilifundishwa na mikono yangu.

Muzee mmoja wa mtaa wa Nyakasanza, aliyetengeneza ndege ndogo za wamisionari mpaka akazeeka, alikuwa anajenga ndege yake mwenyewe nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Mbao nyepesi, kitambaa juu yake, moteri ya gari ya zamani, viti viwili. Miaka mingi watu walimucheka. Vita ilipofika Bunia na barabara zikajaa barieri za wapiganaji, hakuna aliyecheka tena. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikuwa wa kabila ambalo wapiganaji wa upande wetu walikuwa wanaliwinda. Wazazi wake walikuwa wanakaa mbali, mji wa Aru, na kwa barabara asingepita hata barieri ya kwanza. Muzee akaniambia: «Unipangie umeme, kiti ya pili ni ya bibi yako. Nitamushusha Aru.»

Kwa muzee haukati waya kabla ya kupanga njia. Alifumua sweta yake nyekundu, tukapitisha nyuzi zake mahali waya zitakapopita, tukazifunga kwa fundo dogo dogo. Halafu yeye anaingia kitini, anasukuma pedali, anavuta fimbo. Uzi ukiguswa na kamba ya chuma inayogeuza mukia, tunafungua, tunaanza tena. Uzi upite mbali na bomba ya petroli. Mbali na moto wa moteri.

«Kamyo ikizimika, unashuka unaipiga teke,» alikuwa ananiambia. «Huko juu utapiga teke nini?»

Niliipenda kazi ile. Risasi zinalia huko upande wa airport, na siye tunabishana kama uzi upite kushoto ao kuume.

Batri ilikaa nyuma ya viti kwa sababu ya uzito, moteri iko mbele. Nilipima waya nene moja kutoka batri mpaka mbele, nikaikata. Nusu ya rolo ya waya ikabaki. Nikaona imezidi. Nikamupa jirani yetu, mwenye duka ng'ambo ya barabara, mwimbaji wa korale ya kanisa, kwa jenereta yake. Ndugu yake alikuwa pamoja na wapiganaji. Nilitaka atutazame kwa jicho nzuri.

Muzee alipokuja kuangalia, alifuata uzi kwa kidole mpaka mbele, akasimama.

«Na umeme inarudia wapi?»

«Kwa bodi, muzee.»

«Bodi gani? Weye fundi wa makamyo! Mbao inapitisha umeme tangu lini?»

Bibi yangu, aliyekuwa anashona kitambaa cha bawa, alicheka mpaka sindano ikamuanguka. «Baba ya watoto, ulitaka siye tushuke huko juu tusukume?»

Nami nilicheka. Kamyo ni chuma, umeme unarudi kwa chuma yenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri juu yake. Ndege ya mbao inataka waya ya pili.

Nikavuka barabara.

«Kaka, unisamehe, ile waya naomba unirudishie.»

«Ya kazi gani tena?»

«Ndege ya muzee.»

«Ile sanduku? Itaruka kweli?»

«Imebaki hii waya tu. Kiti ya pili ni ya bibi yangu.»

Nilisema kwa kujivuna. Alinipa bila kusita; hata aliikunja vizuri.

Kesho yake asubuhi wapiganaji waliingia na mashoka. Komanda alisema ndege ile ni ya kuletea adui silaha. Walipasua mabawa, wakang'oa nyaya zote, wakamupiga muzee mpaka mukono ukavunjika. Kisha komanda akauliza: «Mwanamuke wa kiti ya pili iko wapi?»

Kwa maneno hayo hayo. Wakamuchukua mbele yangu, mimi nimelala chini, buti juu ya shingo. Hatukumuona tena. Hatukupata hata wa kuzika.

Habari ya kile kiti ilijulikana na watu wanne: muzee, bibi yangu, mimi, na mwenye duka. Watu wanapenda kusema vita ndiyo ilimuchukua. Hapana. Komanda alimuchukua, na mwenye duka ndiye aliyemutoa kwa komanda. Na mimi ndiye niliyevuka barabara kumwambia, hiyo siifichi.

Vita ilipotulia, walipita watu wa kuandika habari za waliopotea. Nilisema yote, nikawaonyesha hata duka. Lilikuwa wazi, mwenyewe anauza sabuni. Mwandishi akanisomea karatasi yake: alichukuliwa na watu wasiojulikana.

«Wanajulikana,» nikasema. «Komanda anatembea hapa mujini na kravati shingoni. Mwingine ni huyu unayemuona.»

«Papa, siku hizi tunatafuta amani. Weka kidole hapa.»

Wino ilikuwa tayari kwa kidole changu. Nikaipangusa kwa suruali, nikamurudishia karatasi yake.