Neno "Kavu" Katika Safu ya Namba

Haya yalianza leo Jumamosi, mwezi kumi na tisa Mfunguo Nne, saa tisa na dakika ishirini mchana, nilipoandika uongo bila kujua. Au nusu nikijua. Daftari hili silifichi kitu, kwa hiyo naandika: nusu nikijua.

Kikundi cha mwani cha mama kina wanawake kumi na wawili. Tangu mwaka jana mwani wao unageuka mweupe na kukatika kwenye kamba, na wanasema maji yamekuwa moto. Basi kila bamvua, siku ambazo maji hupwa sana, wanaposhuka pwani, wamekuwa wakipima joto la maji mahali pawili: Ufukweni, wanapolima sasa, maji ya magoti, na Mkondoni, kwenye kina, maji ya kifua. Wanachotaka kujua ni kimoja tu, wahamishe kamba kwenda Mkondoni au wabaki. Si jambo dogo, maana wengi wao hawajui kuogelea, na mama yangu ni wa kwanza kati ya hao wengi. Kesho asubuhi wanakutana, na atakayewasomea jibu ni mimi, kwa kuwa nasoma kompyuta skuli. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani nautazama mlango.

Mwalimu wa hesabu aliniazima laptopu yenye programu ya kuchambua data. Nikaziingiza namba zote kwenye matriksi, lile jedwali ambalo safu za kulala ni siku na safu za kusimama ni mahali palipopimwa. Lakini siku nyingine, kwenye safu ya Ufukweni, akina mama hawakuandika namba. Waliandika "kavu". Nikaliingiza na neno hilo kama lilivyo. Nilipotaka wastani, programu ikakataa. Kutazama, namba zote zimegeuka maneno, kila moja imefungiwa alama huku na huku, hata za Mkondoni ambazo hazikuwa na kosa. Nikatafuta kila "kavu" nikaweka sifuri, nikaziingiza upya. Programu ikakubali mara moja, ikanipa wastani: Ufukweni maji ni baridi kuliko Mkondoni. Nikafurahi sana. Mama atabaki kwenye maji yake ya magoti.

Nikaichukua laptopu mpaka kwa Bi Raya, shangazi yake mama, hapa hapa Shumba. Alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mvua ya Konde, akastaafu na miwani miwili. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka. Akavaa miwani ya karibu, akatazama kioo, mikono haikuacha kusuka.

"Sifuri hizi za nani?"

Nikamwambia nyingi ni za mama, ndiye anayepima Ufukweni siku nyingi.

"Mama yako kashuka pwani, katia kipimajoto majini, kakuta barafu?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Akauweka ukili chini, jambo ambalo halifanyi hata kwa wageni, akasema nikae. Aliyonieleza nayaandika kama alivyoyasema, kadiri ninavyokumbuka.

*

Naikumbuka siku yangu mie, mwanangu, na ukiniona naicheka ujue miaka imepita mingi. Nilikuwa msichana kazini. Kompyuta ilikuwa moja ofisi nzima, ina chumba chake na feni yake, na tulikuwa tukivua viatu kuingia. Jioni inafunikwa kitambaa cha kudarizi. Waume za wenzangu hawakupata kufunikwa hivyo. Nikafundishwa mie kuitumia, na kiburi kikanikaa kichwani kama dumu la maji.

Kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa kupima mvua, na kopo lake, na daftari lake. Mwisho wa mwezi madaftari yanaletwa, naziingiza namba kwenye matriksi. Na matriksi, mwanangu, ni kitu kimoja leo na zamani. Haichukui aina mbili. Ni kama jamaa wanaotoka hospitali na mgonjwa wao: mmoja akichechemea, wote wanakwenda mwendo wake. Ukitia neno moja katikati ya namba mia, namba mia zinageuka maneno. Na haikugombezi. Inafanya kimya kimya, wewe unakuja kujua ukitaka kujumlisha.

Mpimaji wa kisiwa cha Fundo alikuwa Mzee Faki, mvuvi wa kutega madema, mwandiko wake mzuri kuliko wa bosi wetu. Mwezi mmoja kwenye daftari lake, katikati ya namba, siku mbili kaandika maneno: "Kopo limefurika." Nikayaingiza, kompyuta ikagoma kama ilivyokugomea wewe. Bosi anataka karatasi kabla ya adhuhuri. Mie nimezoea kusifiwa kuwa Raya hachelewi. Nikafanya nini? Nikaweka sifuri mbili. Kompyuta ikanyamaza, nikaona nimemaliza kazi. Kunyamaza kwake nikakudhani ni kuridhika.

Karatasi ikatoka, ikabandikwa ukutani. Fundo ikawa ndiyo kavu kuliko vijiji vyote, mwezi ambao watu walivuka barabara wamekunja nguo. Bosi akaitazama, akasema huyo mzee halali na kopo, analala na mkewe. Ofisi nzima ikacheka, na mie nikacheka. Akaandika barua kwamba kopo la Fundo liondolewe, apewe mtu mwengine kijiji chengine.

Alhamisi yake Mzee Faki akaja. Kavuka kwa ngalawa mpaka Wete, kapanda gari la shamba mpaka Konde, daftari kalizungushia mfuko wa nailoni lisirowe. Akatoa salamu, akaniuliza hali ya wazee wangu, mmoja mmoja. Nilitamani anigombeze, yaishe. Akalifungua daftari juu ya meza akaweka kidole.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma, kopo limefurika.

"Soma na ya kwako."

Nikageukia ukutani nikasoma, sifuri.

Akalifunga daftari. Kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natazama chini. "Siku hiyo mvua imeniangushia ukuta wa jiko. Nimetoka kwenye kifusi nikaenda kutazama kopo kwanza, kwa kuwa nimepewa amana. Kopo limejaa linamwagika, sikuweza kulipima. Namba ya kubuni sikuitaka, nikaandika nilichokiona. Habari ya karatasi yako imefika Fundo, sasa watoto wananiita Mzee Sifuri. Ungeniachia patupu nisingekuja, mwanangu. Patupu, mtu ataniuliza kulikoni. Sifuri, nani ataniuliza?"

Nililia, sikufichi. Na kulia hakukunisaidia kitu, maana barua ilikuwa imekwisha kutiwa saini. Ilibidi niingie kwa bosi, miguu mitupu vile vile, niseme kosa ni langu. Mtu aliyezoea kusifiwa, hilo ni zito kuliko kubeba kifusi. Nikasema. Bosi akaichana barua, na sifa zangu zikachanika nayo. Wakubwa walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Basi wiki ya pili nikavuka mwenyewe kwenda Fundo na karatasi mpya, nimetapika njia nzima, nikawasomea watu: mvua kubwa kuliko zote ilinyesha kwenu, na Mzee Faki ndiye aliyeiona. Alinipa pweza mkavu wa kurudi naye. Jina la Sifuri likahamia kwangu. Mpaka naolewa, Fundo walikuwa wakiniita Bi Sifuri, na harusini walikuja watu saba wa Fundo kwa ajili ya jina hilo.

Sasa sikiliza, maana ukili wangu unakauka. Wanasema lila na fila hazitangamani. Neno si baya, na namba si baya, ila kila kimoja kina kitanda chake. Kabla hujajumlisha, iulize programu: nilichokupa ni cha aina gani? Ni swali la mstari mmoja, na kuuliza si ujinga. Ikikwambia ni maneno, usikimbilie kulifuta neno. Tafuta kwanza nani kaliandika na alikuwa amesimama wapi. Pasipopimwa, weka alama ya programu yenyewe ya kukosekana, zile herufi mbili kubwa, N na A, wala usizifungie alama za maneno, ukizifungia zitakuwa neno na utarudi pale pale. Hapo namba zitabaki namba. Wastani ukiuomba itakataa kukupa mpaka uiambie waziwazi iruke palipokosekana. Usichukie. Ina adabu kuliko nilivyokuwa mie, haikubali kupita juu ya mtu bila kusema. Na kama neno lina maana, kama hili la mama yako, lihamishie kwenye jedwali la aina ya pili, lile ambalo kila safu ya kusimama inashika aina yake. Namba upande huu, maelezo upande ule, wanakaa nyumba moja hawagombani.

Na kubwa kuliko hayo, mwanangu. Jibu likija kama ulivyolitamani, hilo ndilo la kulikagua mara mbili. Mungu akupe jicho la kuona kilichoandikwa kabla ya unachokitaka. Akupe na ulimi, maana jicho unalo. Mkono wako usimfanye mtu muongo, na kalamu yako iwe kivuli cha watu wanaofanya kazi juani. Amin.

*

Nikasema amin. Kisha nikamuuliza kwa sauti ndogo kama alijua kuwa nilifurahi nilipoona mama atabaki Ufukweni.

"Uliingia hapa umecheka mpaka gego," akasema, akaokota ukili wake.

Tukarekebisha pamoja. Kila sifuri nikaifuta nikaweka ile alama, na neno "kavu" nikalipa safu yake. Nikaiambia programu iruke palipokosekana. Ufukweni ikawa moto kuliko Mkondoni, na si kwa kidogo. Na hapo ndipo nilipolielewa neno la mama. "Kavu" ni siku ambazo maji yalitoka yote, hapakuwa na maji ya kupima, na mwani umelala juu ya mchanga, juani. Siku mbaya kuliko zote, nami nilikuwa nimeziandika barafu. Nimemaliza kuandika haya kabla ya magharibi, Bi Raya ananiambia niende nisije nikapitiwa na adhana njiani.

*

Jumapili, nimerudi kutoka mkutanoni.

Asubuhi baada ya chai nilimwambia mama kwanza, jikoni, kabla ya wengine. Nilimwambia na kosa langu. Alikuwa anakoroga uji, hakuacha kukoroga. Akasema siku zile za kavu alikuwa akisimama na kipimajoto mkononi kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta sahani tupu, na akaogopa kuandika "kavu" asije kuchekwa na wasomi. Nikamwambia msomi ni mimi na nimeshachekwa.

Mkutanoni laptopu niliiacha imefungwa. Nilichukua daftari lao wenyewe nikasimama. Sauti ilitoka ndogo, Bi Hadia, aliyekaa nyuma, akasema, "Zuhura, sema na siye, sio na kanga yako." Nikasoma siku zote za "kavu", moja baada ya moja, na kila siku nikataja jina la aliyepima. Jina la mama nililitaja mara tisa. Kila nikitaja, aliyepima anaitikia, "Ndiyo, siku hiyo hapakuwa na maji." Nilipofika mwisho sikuhitaji kuwaambia jibu. Walikuwa wamekwisha kuanza kugombana ni nani atakayepeleka vigingi vya kwanza Mkondoni.

Ndipo mtu akauliza, na tusiojua kuogelea je? Bi Hadia, ambaye amezaliwa Fundo na anaogelea kama kasa, akasema atafundisha, kuanzia bamvua lijalo, maji ya kiuno kwanza. Wakaniambia niandike orodha.

Nikachora jedwali nyuma ya daftari. Safu ya kwanza jina, safu ya pili anajua kuogelea au hajui. Nilipofika kwa mama nikaona aibu kuandika "hajui" mbele yake, na "anajua" ingekuwa sifuri nyengine. Nikamuuliza mwenyewe niandike nini.

"Andika bado," akasema.

Nikaandika bado. Akainama akasoma orodha yote, kwa kidole, mpaka chini.

"Na wewe mbona hujajiandika humu? Sote tukiwa majini, pwani utasimama na nani?"

Chini ya jina la mama nikaandika Zuhura, na mbele yake, bado.