Mama na Netiboli

Mjomba wangu ni dereva wa bodaboda, na nilipokuwa kidato cha pili mama alimpa kazi moja ya ziada: kunisubiri getini. Kengele ya kutoka ikilia tu, huyo hapo, helmeti mkononi. Wenzangu wanavua masweta wanakimbilia netiboli, mimi napakiwa kama gunia la mahindi. Walikuwa wananipungia mkono na kuniita mke wa waziri. Nilikuwa mrefu kuliko wote, mwalimu wa michezo ananitaka niwe mfungaji, na mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia. Jamani, niliichukia ile pikipiki.

Nyumbani nilikuwa nanuna. Nakula, nalala, nachezea simu ya mama, mpaka kile kilima cha kwetu nikawa nakipanda huku nahema. Mama hakuona tabu. Mtoto yuko ndani, roho yake imetulia. Nikiomba ruhusa ya mazoezi hanipi sababu, ananituma nikakoroge uji. Na mimi mdomo ninao, nilikuwa nabishana naye huku nakoroga.

Likizo nikaenda Maposeni kwa bibi, mama yake mama. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, nikamsema mwanawe weee: mkali, hajui raha ya mchezo wowote. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Akaniambia mama ndiye aliyekuwa mfungaji wa shule yao, watu wanatoka mpaka Peramiho kwa miguu kuja kumwona anavyoruka. Kisha akaacha kucheka. Alisema kuna mwanaume alikuwa akimngoja njiani baada ya mazoezi, na mama alikuwa kidato kama changu alipopata mimba akaachishwa shule. Mimba ile ilikuwa mimi.

Habari hiyo nilirudi nayo hadi nyumbani, Songea. Nilimkuta mama jikoni anachambua majani ya maboga. Nikamwamkia, nikabaki nimesimama mlangoni.

"Mama, mimi ndiye niliyekutoa uwanjani?"

Aliyaweka majani chini. Akaniita karibu, akanishika mashavu kwa mikono yake iliyolowa.

"Mimi nilitolewa na mtu mzima aliyenidanganya. Wewe ndiye uliyebaki na mimi."

Nikalia, naye akalia. Alisema anaogopa, basi, hana sababu nyingine. Kila akinifikiria uwanjani anaiona ile njia yake ya kurudi nyumbani. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda.

Shule zilipofunguliwa mjomba hakuja. Alikuja mama mwenyewe, amejifunga kitenge, akasimama kando ya mstari, uso ameukunja. Nilicheza vibaya, pumzi hakuna, mikono mizito. Mpira ukaniponyoka ukapaa kuelekea kwake, na mama yangu akaruka. Aliruka na ndala zake, akaudaka juu kabisa kwa mikono miwili, akatua, na mguu hakuusogeza hata kidogo, kama sheria ya netiboli inavyotaka. Wenzangu walipiga makofi na vigelegele. Yeye hakuwa anamwona mtu. Aliukumbatia ule mpira kifuani, anacheka na machozi yanamtoka, mpaka mwalimu akaenda kumwomba taratibu aurudishe, watoto waendelee kucheza.