Likizo ya Kwenda Kuona Giboni

Niliropoka tu kwamba nasafiri, na kufikia Ijumaa korido ya nyumba yangu pale Acocks Green ilikuwa imejaa mifuko. Viatu vya mtoto wa mtu, vitamini za mama wa mtu, simu iliyoviringishwa ndani ya soksi. Ndivyo tulivyozoea: Mtanzania wa Birmingham akisema anasafiri, basi anakwenda nyumbani, na akienda nyumbani hubeba mizigo ya wenzake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakwenda wapi.

Nilikuwa nakwenda Thailand, kuona giboni.

Ngoja nieleze, maana wapo walioapa nimechanganyikiwa. Giboni ni jamaa wa sokwe, ila mdogo. Hana mkia, na mikono yake imepita miguu kwa urefu. Nilimwona kwanza kwenye kizimba cha bustani ya wanyama, siku tuliyotoka matembezi na wenzangu wa dobi ya hospitali. Alikaa juu ya tairi, kimya, anatazama ukuta. Kibao kilisema kwao msituni huimba kila asubuhi, mke na mume wakipokezana. Moyo uliniuma. Nikasema huyu nitamsikia akiwa kwao, liwalo na liwe.

Miaka yote hiyo likizo zangu zilikwenda Tanga: harusi, arobaini, harusi tena. Sijuti. Lakini hii ilikuwa yangu.

Dada yangu mkubwa akanibipu kutoka Tanga, nikampigia kwa kadi.

"Eti unakwenda kutazama nyani? Njoo huku wanatumalizia mahindi, utawatazama bure!"

"Si nyani, dada."

"Ana mkia, hana mkia, wote nyani! Watu watasema nini?"

"Waseme mpaka wachoke. Midomo yao."

Akanikatia. Sitaficha, nililia pale jikoni, huku nakatakata vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo. Kesho yake nikapanda basi mpaka Balsall Heath nikirudisha mifuko nyumba kwa nyumba. Mama mmoja niliyekwisha kumbebea mara tatu alinitazama juu mpaka chini.

"Umebadilika, bibi wee."

"Nimechoka," nikamwambia. "Viatu vitafutie mtu mwingine."

Anayetaka kuwaona giboni aende mbuga ya Khao Yai, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Bangkok. Alale karibu, aingie msituni kabla jua halijachomoza, na afunge mdomo. Mimi asubuhi mbili za kwanza niliambulia ukungu na ruba. Mwongozaji ananyoosha kidole juu, mimi naona majani. Sauti ya dada ikaanza kunisumbua kichwani: umeitupa likizo yako, mjinga wewe. Karibu nimwamini.

Asubuhi ya tatu jike akaanza. Chini chini kwanza, halafu sauti ikapanda, ikapanda, mpaka nywele zikanisimama. Dume akamjibu. Kisha nikamwona, yule yule wa kwenye tairi, ila huyu alikuwa juu kabisa ya miti, anaachia tawi kwa mikono yote miwili na kudaka jingine bila hata kutazama.

Nikakaa chini kwenye majani mabichi, nikacheka peke yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na hapo ndipo mahali pa kwanza nilipofika maishani mwangu bila mtu yeyote kuningojea.